Kitanda Kabla ya Darasa: Mabweni ya Wanawake wa Makerere Yakitazamwa Kutoka Mwadingusha

Mwaka 1930 mitambo ya umeme ya Mwadingusha, Katanga, nchini Kongo, ilianza kazi kwenye maporomoko ya mto Lufira ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet. Bwawa lilizaa ziwa, lile tunaloliita Tshangalele, na nyaya zikapeleka umeme kwenye viwanda vya shaba vya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Historia ya miaka ile husimuliwa kwa tani za shaba na nguvu za umeme, na nyumba husahauliwa. Mwanzoni kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa ikileta wanaume kwa mikataba mifupi, inawalaza kambini, kisha inawarudisha makwao. Kuanzia mwaka 1928 hivi ilibadili sera: ilitaka wafanyakazi wakae miaka mitatu mitatu pamoja na wake zao, na kwa hiyo ikajenga nyumba za familia. Ndipo wanawake walipokuwa wakazi wa miji ya migodi kwa kibali cha kampuni. Mila za ndoa hazikugeuka usiku mmoja. Kilichogeuka ni mahali pa kulala. Nimeanza na jambo hili kwa sababu limefichika pia katika historia ya wanawake na vyuo vikuu. Tumezoea kuuliza mabinti walifundishwa nini, nani aliwafundisha, na walifaulu kwa kiasi gani. Hatuulizi mara nyingi walilala wapi. Ninachokitetea hapa ni kwamba katika vyuo vikuu vya kwanza vya upande huu wa Afrika, kitanda kilitangulia darasa: aliyeamua idadi ya vitanda vya wanawake ndiye aliyeamua, kwa sehemu kubwa, idadi ya wanawake watakaosoma. Ushahidi ulio wazi zaidi hauko Katanga. Uko kwenye kilima cha Makerere, Kampala.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wavulana watupu, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Wito wake wa kwanza, kwa Kiingereza, uliwahimiza wawe wanaume, na hakuna aliyeuonea shaka, maana nani mwingine angekuwa pale? Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 chuo kilikua, kikaongeza udaktari, ualimu na kilimo, kikapokea vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar, bila hata mwanamke mmoja. Sasa tuangalie chuo hicho kilikuwa cha namna gani. Kilikuwa chuo cha bweni, kwa kuiga vyuo vya kale vya Uingereza. Mwanafunzi alikuwa wa bweni lake kabla hajawa wa idara yake: alikula huko, alilala huko, alichezea timu yake, na mlezi wa bweni ndiye aliyejibu kwa niaba yake. Katika mpango wa namna hiyo, kumkubali mwanamke hakukuwa suala la kumpisha tu kwenye benchi la darasani. Chuo kilipaswa kwanza kuwa na paa la kumlaza, jiko, na mtu mzima wa kuwajibika. Bila hayo, hata mwalimu aliyekuwa radhi kumfundisha alikuwa na jibu jepesi la kutoa: hatuna pa kumweka.

Jibu hilo jepesi lilihitaji mtu wa kulikataa, na mmoja wa waliolikataa alikuwa Mary Stuart, mke wa Cyril Stuart, Askofu wa Kianglikana wa Uganda kuanzia mwaka 1934 hadi 1952. Alidai hadharani kwamba wasichana waliokuwa wakimaliza shule za misheni wafunguliwe mlango wa Makerere. Mwaka 1945 mlango ulifunguliwa kwa wanawake sita. Sita tu, na idadi hiyo yenyewe inasema mengi, kwani walikuja kadiri nyumba ilivyoweza kuwachukua. Chuo kiliachana na wito wake wa kiume, kikachukua ule unaosema kwamba tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Bweni la wanawake lilipopata jengo lake kubwa, lilipewa jina la Mary Stuart, na linaitwa hivyo hadi leo. Ni jengo refu la ghorofa, na wakazi wake hujulikana kwa jina la utani la Boxers, kwa kuwa bweni lao wenyewe huitwa Box. Si jina la maofisini. Limetoka vinywani mwa wanafunzi, na limeshinda mabadiliko mengi ya utawala.

Miongoni mwa wanawake wa kwanza alikuwamo Florence Lubega, aliyekuja kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria na baadaye Bunge la Uganda. Alikuwamo pia Sarah Nyendwoha kutoka Hoima, Bunyoro, aliyesomea King's College Budo, na habari zake zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Alitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa somo hilo hakukubali kumfundisha mwanamke, ikambidi ageukie masomo ya sanaa. Kitanda alikuwa nacho, darasa hakuwa nalo. Alikwenda Oxford, akahitimu mwaka 1954 katika historia, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi kufundisha katika shule ya wasichana ya Gayaza, alikuta mshahara wa mwanamke mwenye shahada uko chini ya ule wa mwanamume mwenye shahada ileile. Alikataa kuupokea, akafundisha bila malipo mpaka serikali ikakubali kumlipa sawa. Aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji mashuhuri wa Tanganyika, na ndiyo maana vitabu humtaja kama Sarah Ntiro. Msomaji makini ataona kwamba kisa cha hisabati kinaelekea kuipinga hoja yangu, kwa kuwa kinaonyesha kwamba paa halikutosha. Nakubali halikutosha. Lakini fikiria kama paa lisingekuwapo. Mwalimu yule asingelazimika kukataa chochote, maana asingesimama mwanamke mlangoni kwake wa kukataliwa. Ubaguzi wa darasani ulionekana, ukapata jina na ukaanza kupigwa vita, pale tu mwanamke alipokuwa ameshalala chuoni na ameamka akidai kipindi chake.

Tukija kwenye hesabu, hoja inapata uzito zaidi. Makerere ilipokuwa imekamilika kama chuo cha bweni, mlimani palikuwa na mabweni tisa ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, ukiacha majengo ya wanafunzi wa udaktari waliokaa Mulago na yale ya wanafunzi wa shahada za juu. Sita yalikuwa ya wanaume: Livingstone, Lumumba, Mitchell, Nkrumah, Northcote ambalo sasa ni Nsibirwa, na University Hall. Matatu yalikuwa ya wanawake: Mary Stuart, Africa Hall na Complex. Serikali ilimsomesha mwanafunzi kwa kumpa ada, chakula na chumba, na idadi ya waliodahiliwa kila mwaka ilifungwa na nafasi za mabwenini. Kwa hiyo kabla mtahini hajasahihisha karatasi hata moja, majengo yalikwisha kusema wanaume watakuwa wangapi na wanawake wangapi, angalau kiwango ambacho wanawake hawatakivuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake walikuwa takriban robo ya wanafunzi. Mwaka 1990 chuo kilianza kuwaongezea waombaji wa kike alama 1.5, na katika miaka iliyofuata sehemu yao ikapita theluthi. Hatua hiyo inasifiwa, na inastahili. Hata hivyo alama hazimlazi mtu. Mlango ulifunguka kwelikweli kuanzia mwaka 1992, chuo kilipoanza kupokea wanafunzi wanaojilipia, wasiopewa chumba, na hosteli za watu binafsi zikaota katika mitaa ya Kikoni, Wandegeya na Nakulabye. Idadi ya udahili ilipofunguliwa kutoka minyororo ya vitanda vya serikali, wanawake walisogea hadi kukaribia nusu. Anayetaka kujua kwa nini ilichukua karibu miaka 50 kutoka wale sita hadi hapo, aanze kwa kuhesabu mabweni.

Pingamizi la kwanza ni zito, na limetolewa na wanahistoria wengi wa elimu: kizuizi cha kweli kilikuwa shule za sekondari, si mabweni ya chuo. Wasichana waliomaliza kidato walikuwa wachache mno. Ungewajengea mabweni kumi, yangebaki matupu. Katanga na Kongo nzima inatoa mfano wa kutisha wa jambo hili. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 kwenye kilima karibu na Léopoldville, na chuo kikuu cha serikali kikafuata Elisabethville mwaka 1956, kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Lakini elimu ya wasichana wa Kongo ilikuwa imeelekezwa kwenye ushonaji, upishi na malezi. Katika miji ya Union Minière, binti wa mfanyakazi alifundishwa namna ya kuwa mke wa mfanyakazi. Matokeo yake, uhuru ulipokuja mwaka 1960 hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa Kongo mwenye shahada. Sophie Kanza alihitimu Lovanium mwaka 1964, miaka kumi baada ya Sarah Ntiro kuhitimu Oxford, na mwaka 1966 akawa waziri. Basi si kweli kwamba shule ndiyo iliyoamua?

Shule iliamua, ndiyo, na sitaki kuipunguzia uzito. Ila pingamizi hili linadhani kwamba mkondo hutoka chini kwenda juu tu: shule kwanza, chuo baadaye. Mambo yalikwenda pia kwa njia ya pili. Mzazi aliyekuwa na uwezo wa kumlipia mtoto mmoja tu aliuliza, kwa busara yake, njia ya huyu binti inaishia wapi. Pale ambapo hapakuwa na bweni mwishoni mwa njia, kumwacha binti aishie darasa la sita hakukuwa ujinga. Kulikuwa hesabu sahihi. Uganda ilikuwa na Gayaza tangu mwaka 1905 na Namagunga tangu mwaka 1942, na Kenya ikapata shule ya sekondari ya wasichana ya Kikuyu mwaka 1948, ile iliyokuja kuitwa Alliance Girls. Shule ile ya Kikuyu ilianza miaka mitatu baada ya wanawake sita kuingia Makerere. Sidai kwamba Makerere ndiyo iliyoizaa. Nasema kwamba mwalimu wa shule kama hiyo alikuwa na jambo la kumwambia mzazi ambalo mwenzake wa Jadotville hakuwa nalo: kuna mahali binti yako atapokelewa, na jina la mahali hapo ni hili.

Tanzania inatupa ushahidi mwingine, tena wenye kuumiza. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru kwamba waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Nia ilikuwa njema: kukomesha tabaka la wasomi wasiojua jasho. Matokeo kwa wanawake yalikuwa mabaya haraka sana. Wengi walioingia kazini waliolewa, wakazaa, na hawakurudi, hata ikabidi baada ya miaka michache tu waruhusiwe kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam moja kwa moja kutoka shuleni. Hapa sekondari zilikuwa zilezile, wahitimu walikuwa walewale, na idadi ya wanawake ilishuka. Kilichokatika ni ile hatua moja kutoka bweni la shule hadi bweni la chuo. Msichana aliyepita moja kwa moja alibaki mwanafunzi machoni pa ukoo wake. Aliyerudi nyumbani miaka miwili alihesabiwa kuwa mtu mzima aliyemaliza kusoma, na posa zikaanza kuja. Kitanda cha chuo kilikuwa pia kinga dhidi ya haraka ya watu wengine.

Pingamizi la pili hutoka upande tofauti, kwa wale wanaosema kwamba mabweni ya wanawake yalikuwa ngome za kuwachunga. Saa za kurudi, kitabu cha kusaini wageni, geti: mwanamume mzima aliaminiwa na usiku wake, mwanamke mzima hakuaminiwa. Hilo ni kweli, na lilikuwa kosa. Jina lile la Box halikubuniwa na watu waliojiona huru. Lakini wakazi wa bweni hawakubaki kuwa wachungwa tu. Walilichukua jina la kejeli wakalifanya bendera. Walichagua viongozi wao, wakafunga undugu na majirani zao wa Lumumba Hall, na muungano wao ukaitwa Lumbox. Kwa msomaji wa Katanga jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu Patrice Lumumba, ambaye jina lake limebebwa na bweni hilo, aliuawa tarehe 17 Januari 1961 katika ardhi ya Katanga, si mbali na Elisabethville. Muhimu zaidi, geti lilifanya kazi pande mbili. Dar es Salaam inatukumbusha hatari ya kulisahau hilo. Mwaka 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na kundi la wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch na kubandika matusi ukutani dhidi ya wanawake waliowakataa. Alikuwa na kitanda chuoni. Hakuwa na mamlaka iliyosimama baina yake na waliomwandama. Kwa hiyo sisemi kuta zinatosha. Nasema bweni ni kuta pamoja na mtu mwenye wajibu ndani yake, na pale wajibu unapokosekana kuta hazimsaidii mtu.

Hapo ndipo tunapokutana na pingamizi la tatu, ambalo kwa Likasi na Lubumbashi ya leo ndilo linalosikika zaidi. Watu husema: enzi za mabweni zimepita. Wanafunzi wengi wa Lubumbashi hawakai kwenye zile wanazoziita home za chuo, bali hupanga vyumba mjini. Kampala ina hosteli za kila bei. Dar es Salaam imejenga hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 zikiwa na nafasi 3,840 kwa mpigo. Mwenye fedha hupata pa kulala, na soko limemaliza tatizo. Nimeshakiri kwamba soko ndilo lililovunja dari la Makerere. Ila liliwavunjia waliokuwa na kodi ya kulipa. Binti wa Mwadingusha aliyefaulu mtihani wa serikali na kupata diploma yake, ambaye baba yake ni mvuvi wa Tshangalele, hana ndugu wa kumpokea Lubumbashi na hana dola za kupangisha. Kwake dari liko palepale, limesogezwa tu kutoka ofisi ya udahili hadi kwa mwenye nyumba. Halafu kuna kaka yake. Kijana wa kiume hulala na wenzake watano katika chumba kimoja, au kwenye sebule ya mtu asiyemjua sana, na wazazi hulala usingizi. Binti hawezi kufanya hivyo bila kuhatarisha mwili wake na jina lake. Soko huwatoza bei tofauti kwa kitanda kilekile, hata kama risiti inaonyesha bei moja.

Na kuna jambo ambalo chumba cha kupanga hakiwezi kulifanya hata kikiwa cha bure, nalo lilionekana Makerere mwaka 1976. Mwezi Machi wa mwaka huo mwanafunzi wa sheria, Paul Serwanga, alipigwa risasi. Karibu wakati huohuo Esther Chesire, mwanafunzi wa kike kutoka Kenya, alitoweka kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa njiani kurudi nyumbani. Serikali ya Idi Amin, ikibanwa, iliunda tume ya uchunguzi chini ya Profesa Bryan Langlands, mtaalamu wa jiografia wa Makerere. Watu wa usalama walihitaji hadithi ya kuwaondolea lawama kuhusu msichana yule, na hadithi hiyo ilihitaji kuungwa mkono na mtu mmoja: Theresa Nanziri Bukenya, mlezi wa Africa Hall, bweni la wanawake alimoishi Chesire. Yeye ndiye aliyewajibika kujua nani anaishi bwenini, nani ameaga na nani hajarudi. Alikuwa mjamzito, siku zake zikikaribia. Alikataa kutoa ushahidi wa uongo. Mwezi Juni alichukuliwa, akauawa. Langlands alifukuzwa nchini, na tarehe 3 Agosti askari wakavamia kilima wakawapiga wanafunzi mabwenini.

Kisa hiki husimuliwa kama sura moja ya ukatili wa Amin, na ni kweli ni hivyo. Mimi nakisoma pia kama ushahidi kuhusu taasisi yenyewe. Dola lenye bunduki, vifaru na polisi wa siri lilijikuta linahitaji saini ya mlezi wa bweni. Lingeweza kumtowesha msichana uwanja wa ndege, lakini halikuweza kumfuta katika hesabu ya Africa Hall, kwa kuwa hesabu hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeichukulia kuwa amana. Mwenye nyumba wa Kikoni au wa Lubumbashi hujua nani hajalipa kodi ya mwezi. Hadaiwi na yeyote kujua nani hajarudi, wala hakuna tume itakayomwita aeleze. Wale sita wa mwaka 1945 walipopewa nyumba, walipewa pia mtu wa kuulizwa habari zao, na Theresa Nanziri alipoulizwa habari za Esther Chesire, alisema kweli.